Amplifaya ya valvu inatoa sauti nyembamba hata baada ya kubadilisha valvu zote: kasoro iko wapi?

Nyuzi Sita (Moshi), mleta mada

Habari zenu wana jukwaa. Naomba msaada wa mafundi na wapiga gitaa wenye uzoefu na amplifaya za valvu (zile zinazokuza sauti kwa vichupa vya kioo badala ya transista), kwa kuwa jambo hili limenisumbua kwa miezi mitatu na nimekwisha kutumia fedha nyingi bila kusikia tofauti yoyote.

Napiga gitaa la rithimu katika kwaya moja hapa Moshi, na mwishoni mwa juma napiga solo katika bendi ndogo ya harusi. Mwaka jana nilinunua amplifaya iliyotumika ambayo ililetwa kutoka Uingereza. Ina wati 30, valvu nne za EL84 upande wa nguvu, valvu tatu za ECC83 upande wa mbele, na spika mbili za inchi 12 ndani ya kasha moja. Ina nobu ya besi na nobu ya trebo tu, haina ya sauti za kati. Aliyeniuzia alinieleza kwa uwazi kwamba spika moja ilikuwa imechanika karatasi, naye akaweka nyingine ya ukubwa na omu zilezile kabla ya kuiuza.

Malalamiko yangu ni haya. Sauti ni nyembamba, kama ya gitaa linalosikika kupitia simu, na hata nikizungusha nobu ya besi hadi mwisho kinachoongezeka ni kidogo mno. Ngoma na gitaa la besi vikiingia, mimi napotea kabisa. Jioni hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) hulegea na kukwaruza mapema, ilhali mchana huwa na nafuu. Tena mara mojamoja sauti hufifia ghafla katikati ya wimbo, kisha hurudi yenyewe au baada ya kupiga kasha kibao.

Niliipeleka kwa fundi mmoja ambaye alijaribu kila spika peke yake akaziona zote nzima, kisha akanishauri nibadilishe valvu. Niliagiza zote saba, zile zinazotengenezwa Slovakia, kwa fedha ambayo ingenunua mahindi ya kula nyumbani kwangu mwaka mzima. Nimezifunga na sauti ni ileile. Kinachoniuma zaidi ni kwamba gitaa hilihili, kwa waya huuhuu, likichomekwa kwenye amplifaya ndogo ya transista ya rafiki yangu yenye spika moja ya inchi 8, linatoa sauti nene kuliko yangu.

Je, transfoma imekufa? Au spika hizi hazifai kwa gitaa?

Pasua Mjini

Mkuu, mimi nilikuwa na yangu ya valvu nikaiuza. Siku hizi kuna vifaa vya dijitali vyenye sauti za amplifaya mia moja ndani ya kiboksi kinachoingia mfukoni. Unabeba kilo ishirini na kitu kupanda daladala kwa faida gani?

Nyuzi Sita (Moshi)

Nimekuelewa, kaka, na mgongo wangu unakuunga mkono. Hata hivyo, kabla ya kuiuza ningependa kujua inaumwa nini, kwani nikimuuzia mtu mwingine nitalazimika kumweleza ugonjwa wake kama mimi nilivyoelezwa habari za spika.

Mwanakwaya

Kabla hatujaingia ndani, tuambie umeweka nobu wapi. Mimi huweka zote katikati, kwa sababu hapo ndipo amplifaya haiongezi wala haipunguzi kitu, halafu ndipo naanza kutafuta.

Nyuzi Sita (Moshi)

Besi nimeifikisha 10, trebo iko 7, na sauti inazunguka kati ya 4 na 5.

Fundi Redio (Kaloleni, Arusha)

Kijana wangu, pole kwa gharama. Nimesoma maelezo yako mara mbili, na nimefurahi kuona umeieleza sauti yenyewe badala ya kusema tu kwamba haina utamu, neno ambalo wateja hunipa karibu kila siku na ambalo halinionyeshi pa kuanzia. Wewe umetaja mambo matatu: sauti ni nyembamba wakati wote, inalegea jioni, na inafifia ghafla kisha inarudi. Si lazima yatoke katika chanzo kimoja, na nadhani kosa lililofanyika ni kuyatafutia yote dawa moja.

Nianze na wembamba. Valvu iliyochoka hupunguza nguvu, hukwaruza, huvuma au hulia kama kengele ukiigusa kwa penseli, lakini ni nadra kuondoa sauti za chini peke yake na kuziacha za juu zikiwa nzima. Kinachofanya hivyo, kwa uzoefu wangu, ni kimoja kati ya viwili. Cha kwanza ni kapasita ndogo (kifaa kinachotunza umeme kidogo) iliyo kwenye kathodi, moja ya ncha za ndani ya ECC83, ambayo ikikauka kwa umri hatua hiyo hupoteza ukuzaji na besi nyingi hupungua. Cha pili ni spika mbili zinazopingana. Kwa kuwa yako moja ilibadilishwa, mimi naanza na spika, tena kwa sababu upimaji wake haugharimu zaidi ya betri moja ya saa ya ukutani.

Karatasi ya spika husukuma hewa mbele na kuivuta nyuma. Spika mbili zilizofungwa sawasawa husukuma pamoja na kuvuta pamoja. Ikiwa aliyefunga hii mpya alibadilisha waya, yaani ule wa alama nyekundu ukaenda kwenye ncha ya hasi, basi moja inaposukuma nyingine inavuta, na hewa inahama kutoka spika hii kwenda ile bila kukufikia wewe. Sauti ya mitetemo 100 kwa sekunde ina wimbi la urefu wa mita tatu na kitu, ilhali spika zako zimeachana sentimita thelathini hivi, kwa hiyo mawimbi hayo hufutana karibu yote. Sauti ya mitetemo 3,000 ina wimbi la sentimita kumi na moja tu, nayo hainyamazi kwa namna hiyo. Sehemu nyingine za chumba mawimbi yake hufutana, sehemu nyingine huongezana. Matokeo yake ni hiyo sauti ya simu unayoisema. Tena ndiyo sababu fundi aliyejaribu spika mojamoja hakuona kosa, kwani kosa hili halipo ndani ya spika yoyote peke yake. Amplifaya ya rafiki yako yenye spika moja haina wa kupingana naye.

Fanya hivi. Zima amplifaya, chomoa waya wa umeme ukutani, kisha chomoa plagi ya spika kutoka kwenye jeki (tundu) yake nyuma ya chasisi, lile boksi la chuma lenye saketi. Pima omu kati ya ncha na shina la plagi hiyo kwa multimita. Spika mbili za omu 16 zilizofungwa sambamba ni omu 8, lakini mita itakuonyesha pungufu kidogo, kama 6 na pointi, kwa kuwa inapima waya wa koili peke yake. Baada ya hapo chukua betri ya volti 1.5 na uguse chanya kwenye ncha ya plagi na hasi kwenye shina, kwa kitambo cha kupepesa jicho, huku mtu mwingine akiangalia karatasi zote mbili. Zote zinapaswa kuruka upande mmoja. Moja ikitoka na nyingine ikaingia, umempata mwizi wako.

Nakuonya kwa mambo mawili. Usiwashe kamwe amplifaya ya valvu bila spika, kwa maana transfoma ya kutolea sauti inaweza kuungua ukiwa unapiga. Wala usifungue chasisi kama hujawahi kufundishwa, kwani kapasita za filta, zile zinazosafisha umeme, hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa umeme, na volti hizo zimewahi kuwaua mafundi waliokuwa wakijua wanachofanya. Vipimo nilivyokupa havihitaji kufungua chasisi.

Na wewe Mwanakwaya, uniwie radhi. Nobu zote kuwa katikati hakumaanishi kwamba amplifaya haigusi kitu. Kwenye saketi za namna ya kampuni ya Fender ya Marekani, ambazo Marshall wa London walizifuata walipounda JTM45 mwaka 1962 kutoka kwenye Fender Bassman, nobu hizo hupunguza tu, haziongezi, na hata zikiwa katikati zinachimba shimo kwenye sauti za kati. Ukitaka kukaribia sauti isiyoguswa, shusha besi na trebo hadi chini na upandishe ya kati hadi mwisho. Wengi hawaamini mpaka wasikie. Amplifaya ya mleta mada, kwa maelezo yake, inafuata ukoo mwingine, ule wa Vox AC30 ya miaka ya 1960, wenye besi na trebo tu. Humo, kadiri unavyopandisha vyote viwili ndivyo unavyozichimba sauti za kati, na sauti za kati ndizo zinazomfanya mpiga gitaa asikike mbele ya ngoma. Kwa hiyo, kijana, kila ulipoongeza besi ili uokoke, ulikuwa unajizamisha.

Nyuzi Sita (Moshi)

Shikamoo mzee. Nimefanya yote jana mchana. Plagi ilisoma omu 6.4. Nilipogusa betri, mdogo wangu aliyekuwa ameshika tochi akaniambia spika ya kushoto imetoka na ya kulia imeingia. Nilirudia mara nne kwa sababu sikutaka kuamini. Ya kulia ndiyo iliyobadilishwa.

Waya zake zimebanwa tu, hazikulehemiwa, kwa hiyo nilizigeuza bila taabu, nikapima tena kwa betri, zote zikatoka pamoja. Nilipowasha na kupiga E ya chini, vikombe vya kabatini vikaanza kugongana. Nimeshusha besi hadi 4 na trebo hadi 5. Ni amplifaya nyingine.

Hata hivyo jioni ya leo, mazoezini, kule kulegea kumerudi vilevile, na ile ya kufifia ilitokea mara mbili.

Fundi Redio (Kaloleni, Arusha)

Marahaba. Hongera kwa kurudia kipimo, wengi hawarudii. Sasa nenda nyuma ya chasisi uangalie kama kuna swichi ndogo ya kuchagua volti, uniambie imewekwa ngapi. Halafu pima umeme wa soketi yenu ya mazoezini saa tisa alasiri na saa mbili usiku. Uwe mwangalifu, shika mita kwenye plastiki yake.

Besi ya Njiro

Samahani kwa kuingilia uzi, lakini swali langu liko jirani. Yangu ya valvu ina besi ya kutosha ila inavuma mfululizo, hata gitaa likiwa kimya. Nitajuaje kama ni kapasita au ni waya?

Fundi Redio (Kaloleni, Arusha)

Sikio lako linatosha kuanzia. Umeme wetu hutetema mara 50 kwa sekunde. Mvumo unaoingia kwa njia ya waya mbovu, gitaa, au hita za valvu (waya wa ndani unaozipasha moto) huwa ni huo wa 50, ilhali mvumo wa kapasita za filta zilizochoka huwa ni wa 100, kwa kuwa umeme unapogeuzwa kuwa wa moja kwa moja kila wimbi hutoa vilima viwili. Sasa piga G kwenye uzi wa sita wa gitaa, freti ya tatu. Noti hiyo ina mitetemo 98. Mvumo ukiwa sawa nayo au juu yake kidogo sana, shuku filta. Ukiwa chini yake kwa oktevu nzima, yaani sawa na G ya uzi wa E kwenye gitaa lako la besi, ambayo ni 49, shuku waya na hita kwanza. Kisha shusha nobu ya sauti hadi sifuri: mvumo ukinyamaza, unaingilia kabla ya nobu hiyo, na ukibaki, unaingilia baada yake. Kama ni filta, mpe fundi azibadilishe zote kwa pamoja. Kapasita za aina hiyo zikifika miaka ishirini hazina deni na mtu.

Nyuzi Sita (Moshi)

Mzee, majibu ni haya. Swichi ya nyuma ipo na imewekwa 240. Umeme wa soketi alasiri ulikuwa volti 232. Saa mbili usiku, wakati majirani wote wamewasha taa, pasi na mashine za kuchomelea za kile karakana cha jirani, ulikuwa 205.

Fundi Redio (Kaloleni, Arusha)

Hapo ndipo pana ulegevu wako wa jioni. Tufanye hesabu pamoja. Transfoma iliyowekwa 240 inatarajia volti 240 ili itoe volti 6.3 kwa hita za valvu. Ikipewa 205, hita hupata kama 5.4. Mipaka inayokubalika kwa kawaida ni asilimia 10 juu au chini, yaani kati ya 5.7 na 6.9, kwa hiyo jioni valvu zako zinafanya kazi zikiwa na baridi. Volti za juu zinazoendesha valvu nazo hushuka kwa kiwango hichohicho. Kama zilipaswa kuwa 330, zinabaki kama 280. Amplifaya inakosa nafasi ya kupumua, ndiyo maana kodi zinakwaruza mapema na kulegea. Valvu mpya zisingesaidia chochote hapo.

Ukihamishia swichi kwenye 220, amplifaya ikiwa imezimwa na kuchomolewa ukutani, hita zitapata kama 5.9 jioni na 6.6 alasiri, na zote ziko ndani ya mipaka. Hatari inabaki pale umeme unaporuka, kwani volti 245 kwenye 220 ni hita 7.0, na hapo unazichoma. Ikiwa umeme wenu huruka hivyo, iache kwenye 240 na utumie stabilaiza, kifaa kinachoweka volti sawa.

Mwanakwaya

Nakubali nimejifunza kuhusu nobu, mzee. Lakini kwenye hili la umeme, si anunue tu gadi ya friji? Ni rahisi na zipo kila duka la umeme.

Fundi Redio (Kaloleni, Arusha)

Gadi ya friji ni mlinzi wa mlango. Umeme ukiwa mdogo au mkubwa mno inakata, ukitulia inaruhusu. Haipandishi 205 kuwa 230. Harusi ikiwa imechangamka itawakatia muziki kabisa, na mtaitafuta sababu bwana harusi akiwa amesimama na shemeji zake. Anachohitaji ni stabilaiza, na kwa amplifaya ya wati 30 hiyo ya VA 1,000 inatosha na kubaki. Aiweke mbali na gitaa, mita mbili au zaidi, kwa kuwa transfoma yake hutoa usumaku ambao pikapu (vinasa sauti vya gitaa) za koili moja huunasa kama mvumo.

Sasa la mwisho, ile sauti inayofifia. Je, nyuma ya amplifaya kuna matundu mawili ya kutoa na kurudisha sauti kwa ajili ya pedali?

Nyuzi Sita (Moshi)

Yapo, lakini sijawahi kuyatumia hata siku moja.

Fundi Redio (Kaloleni, Arusha)

Kutoyatumia ndiko kunakoyaharibu. Katika amplifaya nyingi, pasipo kuchomekwa kitu, sauti yote hupita kwenye kijibati kidogo ndani ya jeki ya kurudisha. Kijibati hicho kikipata kutu au vumbi, na sisi wa chini ya mlima vumbi la kiangazi tunalijua, sauti hupotea au kupungua, na ukipiga kasha kibao hukutana tena. Chukua waya mfupi wa gitaa, unganisha tundu la kutoa na la kurudisha, upige kwa saa nzima. Kama kufifia kutakoma, tafuta dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi vya umeme, pulizia kwenye plagi, kisha ichomeke na kuichomoa mara kumi au kumi na tano, amplifaya ikiwa imezimwa. Usitumie mafuta ya kulainishia bawaba za milango. Nimewahi kuletewa jeki zilizokaangwa nayo.

Nyuzi Sita (Moshi)

Nimechelewa kurudi kwa sababu tulikuwa na harusi mbili mfululizo, moja huku na nyingine Usa River.

Kwa waya ule mfupi, sauti haikufifia hata mara moja ndani ya saa mbili. Dawa niliipata Arusha, nikasafisha jeki zote tano, na sasa napiga bila waya huo. Swichi nimeiacha 240 kwa sababu nilipopima saa tano usiku, majirani wamelala, nilikuta volti 243. Nimeazima stabilaiza ya VA 1,000 kwa mwanakwaya mwenzangu na kodi za jioni zimekuwa sawa na za mchana. Huwa inalia tak inapobadilisha hatua, lakini ngoma zinaifunika.

Kuna kero ndogo iliyobaki. Waliokaa mbele yangu wanasema trebo inawachoma masikio, ilhali mimi niliyesimama karibu naiona imepoa.

Fundi Redio (Kaloleni, Arusha)

Hiyo si kasoro ya amplifaya. Spika ya inchi 12 hutupa sauti za juu mbele kama tochi, nayo tochi yako inamulika magoti yako wewe na masikio ya waliokaa. Iegemeze nyuma au iweke juu ya kiti imara, uisikilize ikiwa usawa wa kichwa chako, halafu ndipo upunguze trebo kwa kusikia kile wanachokisikia wao.

Nyuzi Sita (Moshi)

Nimeiweka juu ya benchi leo na trebo imeshuka yenyewe hadi 3, kwa aibu. Ahsante sana, mzee. Zile valvu saba za zamani nilizozitoa bado ninazo ndani ya boksi. Nizitupe?

Fundi Redio (Kaloleni, Arusha)

Usitupe hata moja. Kwa niliyoyasoma humu sioni kosa ambalo zilifanya. Zifunge moja moja kwenye gazeti, andika ipi ilikaa tundu lipi, na uniletee siku ukipita Arusha. Nitazipima mbele yako, na zilizo nzima utarudi nazo ziwe akiba yako.